Uchambuzi wa kisa: Fleti ya chumba kimoja Dar es Salaam, wanunuzi wako Mtwara

Majina nimeyaondoa, mitaa sikuitaja, na hesabu za familia nimezizungusha kidogo. Wahusika wameusoma uchambuzi huu kabla haujatoka. Mimi ni mthamini wa mali, naishi Mtwara. Katika kisa hiki nilianza kama jirani, nikageuka mshauri, na kuna kosa moja kubwa ambalo ni langu mwenyewe. Nitalifikia.

Usuli

Mwalimu M. alianza kazi mwanzoni mwa 1991 na kustaafu mwishoni mwa 2024, akiwa ametimiza miaka 60. Mkewe, Bi. H., ana mikorosho Tandahimba. Watoto wao ni watano. Wa tatu, S., ni mtaalamu wa maabara Dar es Salaam, amepanga chumba na sebule kwa shilingi 350,000 kwa mwezi, kodi ikilipwa miezi sita kwa mpigo.

Pesa yao ilitoka sehemu tatu. Kubwa ni mkupuo wa Mwalimu, yaani malipo ya mara moja ya kustaafu. Wastani wa mshahara wake ulikuwa 1,600,000 kwa mwezi na alitumikia miezi 408. Ukichukua mshahara wa mwaka, ukazidisha kwa miezi hiyo, ukagawa kwa 580, kisha ukazidisha kwa 12.5 na asilimia 40 ya mkupuo, unapata kama milioni 67.5. Asilimia hiyo ilipandishwa kutoka 33 mwaka 2024, miezi michache kabla hajastaafu. Kwa 33 angepata chini ya milioni 56. Tofauti hiyo ya karibu milioni 12 ndiyo iliyozaa wazo la Dar. Mwalimu aliiita "pesa ambayo sikuitarajia", na pesa ya namna hiyo huwa haikai kimya mfukoni. Pensheni ya kila mwezi ikabaki kama 675,000.

Ya pili ni korosho. Minada ya mwanzo ya msimu wa 2024/2025 bei ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo, lakini mzigo wa Bi. H. uliuzwa kwa mafungu, mengine bei ikiwa imeshashuka. Kwa tani nne na ushee, baada ya makato ya chama cha msingi cha ushirika, mkononi zilifika milioni 12. Akiba yao ya miaka yote ilikuwa milioni 8.5. Jumla milioni 88.

Kwa nini Dar, wakati Mtwara wana nyumba na nafasi ya kutosha? Bi. H. anahudhuria kliniki ya moyo huko kila miezi mitatu. Mei 2024 alikuwa Dar mvua za Kimbunga Hidaya zilipokata barabara ya kusini maeneo ya Somanga. Alikwama kwa ndugu Mbagala, nyumba ya vyumba viwili yenye watu tisa. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hakupewa jembe, lakini anasema aliliona machoni mwa wenyeji. Aliporudi Mtwara alikuwa ameshaamua; kilichobaki ilikuwa pesa.

Tangazo la "kuanzia milioni 85"

Januari 2025 mpwa wao aliwatumia tangazo kwenye WhatsApp: fleti za chumba kimoja, jengo jipya linaloendelea kujengwa wilaya ya Kinondoni, mita za mraba 48, kuanzia milioni 85. Mwalimu alimtumia mpwa milioni 2 akalipie fomu ya kushikia nafasi. Risiti ilirudi kwa picha. Chini kabisa, kwa herufi ndogo kuliko nyingine zote, iliandikwa kwamba malipo hayo hayarudishwi.

Walikuja kwangu wiki mbili baadaye, kipeperushi mkononi, wakitaka nihakikishe tu kwamba bei ni nzuri. Nilisoma ukurasa wa mwisho kwanza, kama ninavyofanya siku zote, maana huko ndiko masharti hufichwa. Neno "kuanzia" lilihusu fleti ndogo zaidi ya ghorofa ya chini, upande wa nyuma. Waliyoitaka, ghorofa ya nne inakopita hewa, ilikuwa milioni 92. Bei zote zilikuwa bila VAT. Nyumba mpya ya kuishi iliyouzwa mara ya kwanza na mjenzi aliyesajiliwa ilitozwa asilimia 18 wakati huo. Hapo pekee ni milioni 16.56. Sehemu ya kuegesha gari milioni 6. Makabati ya jikoni na kiyoyozi vilikuwa vimechorwa kwenye picha lakini havikuwemo kwenye bei, na hivyo niliviwekea milioni 5. Ushuru wa stempu, wakili na usajili nikaweka milioni 3.5. Nilijumlisha mara mbili mbele yao: milioni 123.

Mwalimu akaniambia, kwa upole wa mtu aliyezoea kusahihisha wengine, "Ondoa maegesho, gari hatuna. Ondoa makabati." Nikaondoa. Milioni 112.

Chokaa uani

Kitu kilichonisumbua kuliko bei ni zile mita 48. Michoro ilionyesha kwamba wamehesabu unene wa kuta, baraza, na kipande cha korido ya jumuiya. Ndani, mahali ambapo mtu anaweza kuweka mguu au kitanda, zilibaki 41. Hili si wizi, wauzaji wengi hupima hivyo, lakini mnunuzi hulipia mita anayoiwazia.

Nilichukua kamba na chokaa, nikapima uani kwao mraba wa mita 6.4 kwa 6.4. Nikagawa ndani yake: chumba, choo na bafu, sebule yenye jiko pembeni. Bi. H. akavua ndala, akaingia kwa kupitia pale nilipoacha mlango. Akasimama sebuleni. Akauliza jiko liko wapi, nikamwambia amesimama ndani yake. Akaleta mkeka, akautandika mahali pa kitanda cha tano kwa sita, akajaribu kupita pembeni bila kukanyaga mstari wa ukuta. Hakuweza. Mwalimu alikuwa kibarazani anatazama, hasemi.

"Na huyu S. nikija kliniki atalala wapi?" Bi. H. akauliza. Hilo ndilo swali lililopaswa kuulizwa kabla ya milioni 2 kutoka.

Kwa mthamini, zoezi lile lilikuwa na maana nyingine pia. Kwa mita 48 za tangazo, mita moja iligharimu kama milioni 1.9. Kwa mita 41 za kweli na VAT juu, ilikaribia milioni 2.65.

Mkopo ambao haukuombwa

Pengo lilikuwa milioni 24. Mwalimu alitaka kukopa 25 benki. Riba za mikopo ya nyumba nchini zimekuwa zikitembea kati ya asilimia 15 na 19. Nilifanya hesabu kwa 17, kwa miaka mitano, kwa kuwa mtu wa miaka 60 hapewi miaka 20. Rejesho la mwezi linatoka kama 621,000. Pensheni ni 675,000. Zinabaki 54,000, wakati ada ya huduma ya jengo lile, wenyewe wanaiita sevisi chaji, ilikuwa 140,000.

Sikusema neno. Nilimgeuzia karatasi. Aliisoma kama anayesahihisha mtihani, akarudia kuzidisha kwa kalamu yake, kisha akaikunja na kuiweka mfukoni mwa shati. Uamuzi ulifanyika hapo: fleti ile iachwe na milioni 2 zihesabiwe zimepotea. Mpwa alijaribu kuzidai mara mbili, akaonyeshwa yale maandishi madogo.

Fleti ya pili na ya tatu

Tukaanza kutafuta fleti iliyokwishatumika. Sababu kubwa ni kwamba nyumba ya kuishi iliyotumika haitozwi VAT mtu binafsi anapoiuza. Sababu nyingine ni kwamba jengo lenye miaka kumi na kitu limeshaonyesha tabia zake. Ufa uliokuwa utokee umetokea.

Ya pili, na ya kwanza kuonyeshwa katika utafutaji huu, ilikuwa milioni 65. Dalali alichukua 20,000 ya kuonyeshwa, akasema kuna wateja wengine wawili njiani. Muuzaji alikuwa na mkataba aliosaini na mjenzi, hakuwa na hati. Tangu Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2008, kila fleti inaweza kuwa na hati yake, na mwenye fleti akawa na fungu lake katika ardhi, ngazi, paa na kila kinachotumiwa kwa pamoja. Hapa hati za sehemu hazikuwa zimetolewa. Tulifanya upekuzi kwa Msajili wa Hati: hati mama, yaani ya kiwanja kizima, ilikuwa rehani benki kwa deni la mjenzi. Bei ile nafuu ilikuwa ni bei ya hatari hiyo. Tukaondoka, na wale wateja wawili wa dalali sijui waliishia wapi.

Ya tatu ndiyo waliyonunua. Ghorofa ya pili, jengo halina lifti, mita 46 za ndani ambazo nilizipima mwenyewe kwa utepe, sebule ikiwa na ukuta mrefu unaobeba kochi la kulalia. Hati ya sehemu ipo kwa jina la muuzaji, haina rehani wala zuio, na muda wa umiliki wa ardhi umebaki miaka 64. Muuzaji alitaka milioni 78 "za mkononi".

Maneno hayo mawili yana gharama. Maana yake ni kwamba kodi ya muuzaji ilipwe na mnunuzi. Kwa sheria, kodi ya ongezeko la mtaji ni ya anayeuza: asilimia 10 ya faida, au kama hana kumbukumbu za gharama zake, asilimia 3 ya bei au ya thamani iliyoidhinishwa, yoyote iliyo kubwa. Muuzaji huyu risiti zake zilishapotea. Alipoona tunakataa akaja na njia nyingine: mkataba uandikwe milioni 40, nyingine zipite pembeni, kila mtu apone.

Mwalimu alivutika kidogo, sitamficha. Nilimpa sababu mbili za kukataa. Uhamisho unahitaji taarifa ya uthamini iliyoidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali, kwa hiyo 40 isingesimama mbele ya bei za majirani. Na hata ingesimama, siku watakapouza wao, au warithi wao, gharama yao ingesomeka 40, na faida ya uongo ingetozwa kodi ya kweli. Kuna sababu ya tatu ambayo sikuisema kwa sababu aliijua: mkataba unaosema uongo hauwezi kukutetea mahakamani.

Baada ya wiki tatu bei ilishuka hadi milioni 74, kila mmoja abebe kodi yake. Nadhani kilichomlegeza muuzaji ni kwamba fleti ilikuwa imekaa tupu miezi tisa. Ridhaa ya mke wake tuliidai kwa maandishi mbele ya wakili. Alikuwa mkoa mwingine, ikaongeza siku kumi. Asilimia 10 ililipwa kwenye akaunti ya wakili wakati wa kusaini, nyingine benki kwa benki nyaraka za uhamisho zilipokamilika. Hakuna hata shilingi iliyobebwa kwenye basi.

Jina la nani

Sehemu hii ndiyo Bi. H. aliyoniomba niirekebishe, kwa sababu rasimu ya kwanza ilimpendelea mumewe.

Mwalimu alitaka hati iandikwe kwa jina la S., anayeishi humo, ili kukwepa uhamisho mwingine baadaye. Bi. H. alikataa kabisa. Milioni 12 za korosho zilikuwa zake, alisema, na ana watoto wengine wanne ambao nao wana macho. Mwalimu akapendekeza jina lake peke yake. Hapo palitokea ukimya ambao mimi, nikiwa mgeni, niliutumia kwenda kunawa mikono.

Waliandikisha majina yao wawili, kila mmoja na hisa zake, ili fungu la kila mmoja liende kwa warithi wake na lisihamie moja kwa moja kwa atakayebaki. S. ana mkataba wa kuishi wa ukurasa mmoja. Halipi kodi, analipa sevisi chaji na umeme. Ndugu zake wote wanne wana nakala.

Baada ya funguo

S. aliingia mwanzoni mwa Julai 2025. Siku ya kwanza alinunua umeme wa 20,000 na kupata yuniti zisizofika hata ishirini. Alidhani amekosea namba ya mita. Kodi ya jengo tangu 2021 inakatwa kupitia LUKU, na mita iliyokaa miezi tisa bila kununuliwa umeme ilikuwa na malimbikizo. Jambo dogo, lakini alinipigia saa mbili usiku akiwa gizani.

Siku ya tatu maji hayakutoka. Mweka hazina wa umoja wa wamiliki alimwonyesha daftari: mwenye fleti wa zamani alidaiwa sevisi chaji ya miezi 14, kwa 60,000 kila mwezi, jumla 840,000, na valvu ya fleti yake ilikuwa imefungwa kwa uamuzi wa kikao. Juu ya hilo, kila fleti ilikuwa imepangiwa 650,000 za pampu mpya na simtanki.

Kosa langu ni hili. Nilipekua daftari la Msajili wa Hati na sikufungua daftari la mweka hazina, lililokuwa ghorofa moja chini, kwa mama aliyetukaribisha chai siku tuliyokwenda kupima. Muuzaji alikuwa ameshalipwa yote. Simu yake ikawa haipokelewi. Familia ililipa.

Matokeo

Hadi mwisho wa Agosti hesabu ilisimama hivi, kwa milioni: bei 74, ushuru wa stempu 0.74, uthamini, uhamisho na usajili 1.1, wakili 1.5, deni la umoja 0.84, pampu 0.65, bafu, rangi na nyaya 3.8, safari za Mtwara na Dar na malazi 0.9, na zile 2 za fomu ya kushikia. Jumla 85.53.

Mwalimu ndiye aliyegundua kwamba ni karibu sawasawa na namba ya tangazo la Januari. Alicheka. Mimi sikucheka sana.

Uchambuzi

Kilichookoa familia hii ni mpangilio wa maswali. Chokaa ilitangulia mkopo, mkopo ukahesabiwa kwa pensheni na si kwa matumaini, na upekuzi ukatangulia malipo. Milioni 2 zilipotea kwa sababu mara moja tu mpangilio huo uligeuzwa. Ningekuwa na uwezo wa kubadili kitu kimoja, kingekuwa kipengele cha mkataba: asilimia 5 ya bei ibaki kwa wakili kwa siku 30 baada ya funguo, ikisubiri barua ya umoja wa wamiliki kwamba hakuna deni. Sasa naandika hivyo kwenye kila ushauri.

Suala la kama walipaswa kununua ni gumu zaidi, na hapa mimi na Bi. H. hatukubaliani. Mwanzoni mwa 2025 hati fungani za serikali za miaka 20 na 25 zilikuwa na kuponi, yaani riba ya mwaka, inayozidi asilimia 15. Milioni 74 zingeleta zaidi ya milioni 11 kwa mwaka. Kodi ya S. ilikuwa milioni 4.2. Wangeweza kumlipia binti, wakalala nyumba ya wageni kila kliniki, na bado wakabaki na pesa. Kwa upande wa fleti, ukitoa sevisi chaji kwenye kodi wanayookoa, unahitaji karibu miaka 25 kurudisha gharama, kama thamani haitapanda. Nilimwekea hesabu hii mezani.

"Hati fungani hailaliwi, mwanangu," akasema, akaninyang'anya kikombe akaniongezea chai.

Ana hoja ambayo hesabu yangu haikuwa na safu ya kuiweka: Mei ile ya Somanga. Lakini kuna safu ambayo yeye pia hakuiweka. Umoja wa wamiliki hauna mfuko wa akiba. Kila kitu kinachoharibika huchangishwa siku kinapoharibika, na baada ya matengenezo yote familia imebakiwa na kama milioni 2.5. Niliikagua dari ya ghorofa ya juu Agosti, siku niliyompeleka Bi. H. kliniki. Kuna alama mbili za maji, moja mbichi. Kikao kijacho ni Desemba, na ajenda ya kwanza iliyobandikwa ngazini ni paa.